Tukope tufuate jina la chuo, au tuchukue nafasi ya bure?

BARUA

Ndugu washauri,

Naandika nikiwa na donge rohoni. Binti yetu anamaliza sekondari mwaka huu hapa Marekani, na ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuomba vyuo vya huku. Ripoti zake ni A tupu, isipokuwa B+ moja ya fizikia. Kwenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo, alipata 1510 kati ya 1600. Kila Jumamosi anajitolea kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwaka wa tatu huu. Anataka udaktari.

Majibu yalitoka mwishoni mwa Machi. Chuo alichokiota tangu akiwa mdogo kimemkataa. Cha pili, nacho chenye jina, kimemweka kwenye orodha ya kusubiri. Cha tatu, cha binafsi na kinachojulikana, kimempokea, ila barua yao ya fedha imetuacha hoi: gharama ya mwaka dola 90,000, ruzuku 57,500, mkopo wa mwanafunzi 5,500, kazi ya chuoni 3,000, "mchango wa familia" 24,000. Cha nne ni chuo kikuu cha jimbo letu. Hicho kimemwingiza kwenye programu yake ya wanafunzi bora, ada na bweni bure, sisi tuongeze kama 4,000 kwa mwaka.

Kinachoninyima usingizi ni kijana mmoja wa darasani kwake. Baba yake na babu yake walisoma kile chuo kilichomkataa binti yangu. SAT yake ni 1430, kasema mwenyewe, na kemia ni binti yangu aliyekuwa akimwelekeza. Yeye alishapata nafasi tangu Desemba. Na watu wetu badala ya kutupa pole wananiambia, "Mtoto mweusi mwenye alama hizo alitakiwa apite kirahisi, labda hakujieleza vizuri kwenye insha."

Mume wangu anasema tukope ule mkopo wa wazazi wa serikali tumpeleke chuo cha tatu. Hoja yake ni moja: "Kama ndani hakuna kitu, wasingebana mlango hivi." Yeye ni dereva wa lori. Mwaka 2024 aliumia mgongo akakaa nje ya kazi miezi saba, nami nikafanya ovataimu usiku na mchana (ni msaidizi wa wauguzi) ili tusilale njaa. Tangu 2025 amerudi kwa safari fupi tu. Wazee wetu kwa pande zote mbili tunawatumia pesa kila mwezi.

Kuna pia bwana mmoja anayejiita mshauri wa udahili. Anataka dola 8,000 ili "asukume" jina la binti kwenye orodha ya kusubiri. Anasema ana mtu ndani.

Tarehe 1 Mei ndiyo mwisho wa kuamua. Binti yangu kanyang'anywa haki yake au ninajidanganya? Na jina la chuo lina thamani ya deni?

Mama mwenye donge

JIBU

Mama, pole sana. Tunaanza na yule wa dola 8,000 kwa sababu siku zinakimbia, na hilo ndilo jepesi kuliko yote: asipewe hata senti.

Machi 2019 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani waliufichua mtandao wa William Rick Singer. Aliwaeleza wazazi matajiri kwamba kuna mlango wa mbele, anaopita mtoto kwa juhudi zake; mlango wa nyuma, wa michango mikubwa kwa chuo; na mlango wa pembeni, ambao ndio alikuwa akiuuza yeye. Makocha walihongwa ili watoto wasiocheza mchezo wowote wa maana waandikwe kama wanamichezo, na mitihani ikarekebishwa na mtu wa kulipwa. Zaidi ya watu 50 walishtakiwa, wazazi wakiwemo, na Januari 2023 Singer mwenyewe akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Hao walikuwa na watu ndani kweli. Wa kwenu, kwa tunavyoijua biashara hii, hana mtu. Anachukua hela kwa waombaji ishirini, wawili watatu wanapata nafasi kwa bahati yao, anasema ni kazi yake, na wengine anawapa pole. Mwambie akuandikie kwa barua pepe jina la mtu wake na kazi atakayolipwa kuifanya. Hutamsikia tena.

Sasa haki. Katika maneno ya mume wako kuna mambo mawili yaliyofungwa kamba moja, na kazi yetu ni kuyafungua. La kwanza ni kwamba mlango umebanwa kwa upendeleo. La pili ni kwamba ukishabanwa hivyo, basi ndani kuna dhahabu. La kwanza ni kweli. La pili halitokani na la kwanza hata kidogo.

Kwamba mizani imeinama si maneno ya wivu. Harvard ilipofikishwa mahakamani kuhusu udahili wake, kesi ikasikilizwa Oktoba 2018 huko Boston, mambo ambayo vyuo hivi huyaficha yalisomwa hadharani. Faili la mwombaji husomwa kwanza na afisa wa eneo lake, anayempa namba kutoka 1 hadi 6, na 1 ndiyo bora: namba ya masomo, ya shughuli za nje ya darasa, ya michezo, ya hulka, kisha ya jumla. Faili linakwenda kwenye kamati ndogo ya eneo, halafu kamati kuu yenye watu kama 40 inapiga kura. Mwishoni, nafasi zikiwa chache kuliko waliopigiwa kura, hutengenezwa orodha ya watakaokatwa. Kwenye karatasi hiyo, pembeni ya jina, kulikuwa na mambo manne tu: kama ni mtoto wa mhitimu, kama ni mwanamichezo aliyesajiliwa, kama anahitaji msaada wa fedha, na rangi yake. Ebu fikiria hilo. Insha imekwishasomwa, barua za walimu zimekwishasomwa, na dakika ya mwisho kinachobaki mezani ni baba yako alisoma wapi.

Takwimu zilizotolewa na mtaalamu wa upande wa walalamikaji, kutoka kwenye mafaili ya Harvard yenyewe, zilionyesha kwamba watoto wa wahitimu walipokelewa kwa kiwango cha karibu asilimia 33, huku waombaji wasio na uhusiano huo wakiwa kwenye asilimia 6 hivi. Wanamichezo waliosajiliwa na makocha walikuwa asilimia 86. Ukiwaweka pamoja wanamichezo, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo na wale wa orodha maalumu ya mkuu wa udahili, walikuwa chini ya asilimia 5 ya waombaji, lakini karibu asilimia 30 ya waliopokelewa. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walichunguza vyuo 12 vya juu kabisa, wakakuta mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya juu ya kipato ana nafasi zaidi ya mara mbili ya kuingia kuliko mtoto wa familia ya kipato cha kati mwenye alama zilezile za mtihani. Sababu walizozipata ni tatu: uhusiano wa uzazi na wahitimu, usajili wa michezo, na zile namba za "hulka" na shughuli za nje ya darasa, ambazo huwa juu kwa waliosoma shule za binafsi za gharama. Kwenye vyuo vikuu vikubwa vya umma hawakukuta pengo hilo. Chuo cha jimbo lenu kilimpima binti kwa kipimo kilicho karibu zaidi na haki kuliko hivyo vingine. Hilo usilipuuze unapoona jina lake halipigiwi makofi.

Hao wanaosema mtoto mweusi alitakiwa apite kirahisi wamechelewa miaka. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza vyuo kuzingatia rangi ya mwombaji. Kilichobaki ni kwamba mwombaji anaweza kueleza kwenye insha jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, na chuo kikapima ujasiri au uongozi alioonyesha, si rangi yenyewe. Hukumu hiyo haikugusa upendeleo wa watoto wa wahitimu. Kwa hiyo kati ya yale mambo manne ya karatasi ya Harvard, la rangi ndilo lililofutwa na sheria. La baba alisoma wapi halikuguswa.

Hata hivyo, kuna vyuo vilivyoamua vyenyewe. MIT na Caltech haviangalii kama mzazi alisoma hapo. Johns Hopkins iliacha, Amherst ikaacha mwaka 2021. Baadhi ya majimbo yamepiga marufuku: Colorado na Virginia kwa vyuo vya umma, Maryland kwa vyote, na California ikavijumuisha vya binafsi kwa sheria iliyosainiwa Septemba 2024. Mkitaka kujua chuo fulani kinafanyaje, msiulize kwenye ziara ya chuo, mtapewa maneno matamu. Tafuteni kwenye intaneti jina la chuo pamoja na maneno Common Data Set. Ni hati ambayo vyuo vingi huijaza kila mwaka kwa muundo mmoja. Sehemu ya C7 ina jedwali la vigezo vya udahili, na mstari mmoja ni wa uhusiano na wahitimu. Chuo chenyewe kimeweka alama: muhimu sana, muhimu, kinazingatiwa, au hakizingatiwi. Mstari mmoja huo unatosha.

Je, yule kijana kamchukulia binti yako nafasi? Hapana. Hakuna kiti kilichokuwa na jina la binti. Walioomba kuanza Harvard mwaka 2024 walikuwa 54,008, wakapokelewa 1,937. Ukiwaondoa wote wenye mlango maalumu, bado maelfu wenye 1510 na zaidi wangerudishwa. Pia 1430 haitoshi kukueleza faili lake lilivyokuwa. Ila angalia neno moja ulilolipita haraka: Desemba. Kijana huyo aliomba mapema. Vyuo vingi vya jina huwa na mzunguko wa Novemba, na kwa baadhi yao ukipokelewa umefungwa: lazima uende, uondoe maombi mengine yote. Kiwango cha kupokelewa mapema kwa kawaida huwa juu, na chuo kinapenda kwa sababu kinajua huyu hatakimbia. Familia inayohitaji kulinganisha barua za fedha haiwezi kujifunga Novemba bila kuona bei za wengine, kwa hiyo inasubiri Machi, foleni ikiwa imekwishajaa. Huo ndio upendeleo ambao watu hawauoni, kwa sababu unaitwa tarehe ya mwisho. Kijana mwenyewe hakutunga kanuni hizo, na binti yako ataendelea kukutana naye darasani mpaka Juni.

Sasa turudi kwa baba na dhahabu yake.

Mlango hubanwa pia kwa makusudi ya kubanwa. Chuo kikiongeza matangazo, kikapata waombaji wengi zaidi kwa viti vilevile, asilimia ya waliopokelewa inashuka na jina linapanda, bila mwalimu mmoja kuongezeka. Orodha za ubora nazo zina mambo yake. Mwaka 2022 Michael Thaddeus, profesa wa hisabati wa Columbia, alihoji takwimu ambazo chuo chake kilizipeleka kwa wapangaji wa orodha ya U.S. News. Columbia ikaporomoka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18 katika mwaka mmoja. Maabara zilikuwa zilezile, walimu walewale.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mume wako ana pointi, na tungekuwa waongo tukiificha. Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walifuatilia wanafunzi wenye uwezo sawa, waliosoma vyuo vigumu kuingia na waliosoma vya kawaida. Kwa walio wengi mshahara ulikuwa uleule, maana mwenye uwezo huenda nao popote. Isipokuwa kundi moja: waliotoka familia za kipato cha chini, weusi na Walatino, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Hao walinufaika. Chetty na wenzake nao walikuta kwamba vyuo vile 12 havipandishi sana mshahara wa wastani, ila vinaongeza kwa karibu nusu uwezekano wa kufika kwenye asilimia 1 ya juu ya kipato, na karibu mara mbili uwezekano wa kuingia shule za juu zenye sifa kwa masomo ya baadaye. Jina hufungua milango kwa mtu ambaye ukoo wake hauna wa kumpigia simu.

Kwa hiyo swali lililobaki ni hili: milango ipi, na kwa bei gani?

Binti anataka udaktari, na hilo linabadilisha hesabu yote. Angetaka kuajiriwa na kampuni za fedha au za ushauri wa biashara, ambazo huenda kuchota vijana kwenye vyuo vichache tu, tungekaa na baba upande mmoja tukazungumza zaidi. Shule za udaktari, ambazo huku huombwa baada ya shahada ya kwanza, huanza na wastani wa alama za chuo na mtihani wa kuziomba, MCAT, kisha saa alizokaa na wagonjwa, utafiti, na barua za maprofesa. Jina la chuo cha kwanza lina uzito kidogo, lakini B tatu za kemia kwenye chuo cha jina haziokolewi na jina. Shule za udaktari za umma pia hupendelea wakazi wa jimbo lao, faida ambayo mnayo tayari.

Tuifungue basi barua ya chuo cha tatu. Imeandikwa kwa namna inayowaponza wazazi wengi. Imejumlisha mkopo na kazi ya chuoni kama msaada, halafu ikawaonyesha 24,000. Mkopo si msaada, ni pesa zenu za kesho. Kazi ya chuoni ni saa za binti, na hulipwa kidogo kidogo baada ya kufanya. Haikatwi kwenye ada ya Agosti. Toeni ruzuku tu: 90,000 kasoro 57,500 ni 32,500. Hiyo ndiyo bei ya mwaka wa kwanza. Gharama zikipanda asilimia 4 kwa mwaka na ruzuku ikabaki palepale (ulizeni kwa maandishi kama hupanda), miaka minne ni karibu dola 152,000. Kwenye chuo cha jimbo ni kama 16,000.

Na huo mkopo wa wazazi haufiki mnakofikiri. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026, kikomo ni dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja kwa jumla. Mkichukua 20,000 miaka mitatu, mwaka wa nne mnabaki na 5,000, wakati chuo kinataka zaidi ya 24,000. Hapo ndipo familia hukimbilia mikopo ya benki, au mtoto anaacha masomo akiwa mwaka wa tatu, deni mkononi, cheti hana. Riba ya mkopo huu imekuwa karibu asilimia 9, na kabla hela haijafika chuoni hukatwa ada ya zaidi ya asilimia 4. Dola 65,000 kwa riba ya asilimia 9, kulipwa miaka 10, ni karibu 823 kila mwezi. Hapo hatujahesabu riba inayojilimbikiza binti akiwa bado anasoma. Weka namba hiyo kando ya malipo ya shifti zako uone ni shifti ngapi kwa mwezi. Nayo shule ya udaktari bado inakuja: mikopo mipya ya serikali huko imewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, kwa hiyo kilichobaki mtatakiwa mkitafute tena nyinyi.

Msimamo wetu ni chuo cha jimbo, isipokuwa chuo cha tatu kishushe bei sana. Na kinaweza kushusha, kwa sababu ripoti yenu ya kipato ina kasoro. Fomu za msaada kwa mwaka wa masomo unaoanza 2026 hutumia kodi ya 2024. Ndio mwaka uliofanya ovataimu kwa dharura. Kabla hamjaomba waangalie upya, pigeni hesabu ya nyumba nzima: jumla ya kipato chenu cha 2025 ni ndogo kuliko ya 2024, au kubwa? Mgongo wa baba ulipopona kidogo na mshahara wake ukarudi, jumla inaweza kuwa imepanda hata kama ovataimu yako imekwisha, na ombi la kutumia 2025 litawageukia. Ikiwa imeshuka, songeni mbele. Ikiwa imepanda, msiguse habari ya mwaka. Ombeni tu gharama za matibabu na pesa mnazotuma kwa wazee zizingatiwe.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja, iende ofisi ya msaada wa fedha, si ya udahili. Aya ya kwanza ishukuru na iseme wazi kwamba binti angependa kwenda. Ya pili ieleze kilichotokea kwa tarehe na namba. Ya tatu itaje kiasi mnachoweza kulipa kweli. "Tusaidieni zaidi" haina jibu. "Tunaweza 9,000 kwa mwaka" inalo. Ambatisheni hati ya mwisho ya mshahara wa 2024 inayotenganisha ovataimu na mshahara wa kawaida, fomu za W-2 (zile za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi ya mwaka) za 2024 na 2025 kwa wote wawili, barua ya mwajiri wako kwamba ovataimu haina uhakika, barua ya daktari wa mgongo, na risiti za miezi 12 za pesa mlizotuma. Hizo za mwisho, vyuo vingine huzikubali na vingine huzikataa, lakini bila risiti hakuna anayezikubali. Msitumie barua ya chuo cha jimbo kama fimbo ya kupunguzia bei. Ile ni zawadi ya ufaulu, na chuo kinachotoa msaada kwa kigezo cha uhitaji hakishindani nayo. Jibu likichelewa, ombeni waongeze muda kupita 1 Mei, nanyi mpate kibali hicho kwa maandishi.

Orodha ya kusubiri isiwape presha. Binti akubali nafasi hiyo kwenye tovuti ya chuo, atume barua moja fupi yenye habari mpya tu (alama za muhula huu, jambo jipya kwenye nyumba ya wazee), kisha alisahau. Asirudie insha, asitume keki, na wazazi msipige simu. Kwenye ile hati ya Common Data Set, sehemu ya C2 inaonyesha wangapi waliwekwa kwenye orodha mwaka uliopita na wangapi waliitwa. Kuna miaka vyuo vingine havikumwita hata mmoja. Ulizeni pia kama msaada wa fedha kwa wanaotoka kwenye orodha ni uleule, kwa sababu baadhi ya vyuo ambavyo Machi haviangalii uwezo wa kulipa huanza kuuangalia hapo.

Chuo cha jimbo nacho kihojiwe, kisipokelewe kwa kuwa ni cha bure. Ufadhili huo una wastani wa chini wa alama wa kuuhifadhi? Ukiwa 3.5 kati ya 4, mwanafunzi wa kemia na biolojia anaweza kuupoteza muhula wa kwanza tu. Waulizeni ni wangapi kati ya kundi lililopita walioupoteza, na kama mtu hupewa muhula wa kujirekebisha. Unalipa mihula minane kamili? Bweni ni miaka yote minne au mwaka wa kwanza tu? Hilo la bweni ndilo huwa limejificha kwenye maandishi madogo. Halafu waulizeni kuhusu udaktari: nani anawaongoza wanaouomba, wangapi walioomba mara ya kwanza walipokelewa, na kama idadi hiyo ni ya wote au ya wale tu ambao kamati ya chuo ilikubali kuwaandikia barua. Vyuo vingine huwazuia dhaifu wasiombe, kisha hutangaza asilimia nzuri.

Binti mwenyewe hujatueleza anataka nini. Umeeleza donge lako na hoja ya baba. Mpeni karatasi yenye namba hizi zote, ile 152,000 na ile 823, mwache akae nayo siku mbili bila mtu kumuuliza, halafu asikilizwe yeye kwanza kabla ya baba. Ofisi za msaada wa fedha huzidiwa simu wiki ya mwisho ya Aprili, kwa hiyo barua ya kuomba mapitio iondoke wiki hii. Ada ya kushika nafasi ilipwe chuo kimoja tu. Kulipa viwili kwa wakati mmoja ni kuvunja makubaliano, na chuo kikigundua kinaweza kumfutia nafasi.

Washauri